Sevu 62: msimu wa 2008 ulihesabu nini?

Tarehe 21 Septemba 2008 uwanja wa zamani wa Yankees, timu ya besiboli ya jijini New York, ulichezewa mechi yake ya mwisho. Ulikuwa umetumika tangu 1923. Yankees walikuwa wakiwaongoza Baltimore Orioles 7–3 na ilibaki raundi moja. Akaitwa Mariano Rivera, mtoto wa nahodha wa mashua ya uvuvi kutoka Puerto Caimito, Panama, ambaye kwa zaidi ya miaka kumi ndiye aliyekabidhiwa mpira mechi zikielekea ukingoni. Akawatoa wapigaji watatu, wa mwisho akiwa Brian Roberts, na uwanja ukafungwa. Kwenye safu ya sevu Rivera hakuandikiwa kitu siku ile. Uongozi wa mikimbio minne ulizidi kipimo cha kanuni. Ungekuwa wa mitatu, angehesabiwa.

Siku nane kabla ya hapo, upande wa pili wa nchi, kule Anaheim, California, kijana wa miaka 26 kutoka Caracas, Venezuela, alimaliza mechi dhidi ya Seattle Mariners, akapiga magoti na kunyoosha vidole angani. Francisco Rodríguez wa Los Angeles Angels alikuwa amefikisha sevu ya 58 na kuvunja rekodi ya Bobby Thigpen wa Chicago White Sox, aliyepata 57 mwaka 1990. Msimu ulipokwisha alikuwa na 62. Kabla yake na baada yake hakuna aliyefika hapo.

Nayaweka matukio haya mawili pamoja kwa sababu swali la msimu ule limo kati yake. Kama raundi ya mwisho ya Rivera haikuhesabiwa na ile ya Rodríguez ikaingia katika historia, sevu inapima nini hasa? Naliona swali hili kuwa kubwa kuliko besiboli. Mtu yeyote anayefanya kazi ambayo thamani yake huandikwa na mwingine kwenye daftari ana sababu ya kulijali.

Kwa aliyelelewa na soka, mchezo wenyewe unaweza kuelezwa hivi. Mrushaji husimama kwenye kichuguu cha udongo na kumrushia mpira mpigaji wa timu pinzani, aliyeshika gongo. Mpigaji akiupiga vizuri hukimbilia besi ya kwanza, na akizunguka besi zote mpaka akarudi alipoanzia, timu yake imepata mkimbio mmoja. Timu hupiga mpaka watu wake watatu watolewe, kisha zamu huhamia kwa wenzao. Kila upande ukishapata zamu yake, raundi imekwisha, na mechi ina raundi 9. Aliyeanza kurusha huchoka, mara nyingi raundi ya sita au ya saba, na hapo huingia warushaji wa akiba, mmoja baada ya mwingine. Aliyetoka harudi. Yule anayetunzwa kwa ajili ya raundi ya tisa ndiye mmaliziaji.

Sevu, neno ambalo watangazaji wetu wa soka hulitumia kwa kipa, hapa huandikiwa mrushaji aliyemaliza mechi ambayo timu yake imeshinda, mradi ushindi wenyewe haukuandikwa kwa jina lake. Lakini lazima pia atimize sharti moja kati ya matatu. La kwanza, awe ameingia timu ikiongoza kwa mikimbio isiyozidi mitatu na arushe walau raundi nzima. La pili, awe ameingia wakati anayeweza kusawazisha yuko kwenye besi, au ameshika gongo, au ndiye anayefuata. La tatu, awe amerusha raundi tatu au zaidi, uongozi uwe mkubwa kiasi chochote. Sharti hili la tatu ndilo lililompa sevu Wes Littleton wa Texas Rangers, Agosti 2007, katika mechi ambayo timu yake iliishinda Baltimore 30–3.

Hesabu hii ilitungwa na mwandishi wa magazeti. Jerome Holtzman alikuwa akiripoti besiboli jijini Chicago mwishoni mwa miaka ya 1950, na aliona jambo lililomkera. Mwaka 1959 Elroy Face wa Pittsburgh Pirates, mrushaji wa akiba, alimaliza na ushindi 18 na kushindwa mara moja tu, na watu wakamshangilia kama shujaa wa mwaka. Holtzman alijua kwamba baadhi ya ushindi ule ulipatikana baada ya Face mwenyewe kuupoteza uongozi aliokabidhiwa, kisha wapigaji wake wakamwokoa. Wakati huohuo, pale Chicago, Don Elston na Bill Henry wa Cubs walikuwa wakilinda ushindi wa wenzao wiki baada ya wiki bila kuandikiwa chochote. Ndipo akabuni namna ya kuwapa haki yao. Mwaka 1969 ligi kuu iliikubali sevu kuwa takwimu rasmi.

Kwa hiyo chanzo chake kilikuwa haki. Hili nalishikilia kila ninaposoma wachambuzi wa siku hizi wanaoibeza sevu kana kwamba ilizaliwa ikiwa upuuzi. Mtu aliona kazi isiyoonekana akaitafutia jina. Holtzman alifariki Julai 2008, katikati ya msimu uleule ambao hesabu yake ilifika kilele. Wiki hiyohiyo au karibu yake, Rodríguez alikuwa tayari na sevu nyingi kuliko ambazo warushaji wengi hupata mwaka mzima.

Rodríguez hakuwa mtu wa kubahatisha. Mwaka 2002, akiwa na miaka 20 na mechi tano tu za ligi kuu, aliingizwa kwenye mechi za mtoano akashinda tano, na Angels wakatwaa World Series, fainali ya ligi kuu. Slaida yake, mpira unaopinda kando mwishoni, ilikuwa ikikata hewa kwa ukali ambao wapigaji wazoefu walishindwa kuusoma. Mwaka 2008 alirusha katika mechi 76, jumla ya raundi 68 na theluthi moja, na wastani wake wa mikimbio ulikuwa 2.24 kwa kila raundi 9. Aliwatoa wapigaji 77 kwa straiki, yaani waliishiwa majaribio yao matatu, na kuwapa 34 besi ya bure kwa kurusha mipira mingi nje ya shabaha. Ni msimu mzuri wa mrushaji mzuri. Lakini tazama nafasi alizopewa: alikabidhiwa uongozi wa kulinda mara 69. Akafanikiwa mara 62 na kuupoteza mara 7.

Mweke Rivera kando yake. Mwaka uleule alipewa nafasi 40 akapoteza moja tu. Wastani wake ulikuwa 1.40. Aliwatoa wapigaji 77 kwa straiki, idadi ileile ya Rodríguez, lakini besi za bure alizotoa kwa mwaka mzima zilikuwa 6. Sita! Kuna warushaji wanaozitoa sita kwa wiki. Joe Nathan wa Minnesota naye alipata sevu 39 kama Rivera, kwa wastani wa 1.33. Joakim Soria, kijana wa Kimexico aliyekuwa Kansas City, alipata 42 kwa wastani wa 1.60. Ukiniuliza nani alirusha vizuri zaidi kati ya hawa wanne, Rodríguez nitamweka wa nne, na sidhani kama naweza kupingwa kwa hoja.

Tofauti ilitokana na nafasi, na nafasi zile zilitengenezwa na Angels. Walishinda mechi 100 na kushindwa 62, rekodi bora kuliko ya timu yoyote mwaka ule. Hata hivyo walifunga mikimbio 765 na kuruhusu 697. Pengo la mikimbio 68 kwa msimu wa mechi 162 ni la timu inayostahili ushindi kama 88. Zile 12 za ziada zilitokana na kushinda mechi zilizobana, 4–3 leo na 3–1 kesho. Timu inayowashinda wenzake 10–2 haimpi mmaliziaji kazi, na inayofungwa haimpi pia. Inayoshinda mara nyingi kwa kipande kidogo humjaza kazi mpaka pomoni, na ndivyo Angels walivyokuwa mwaka ule.

Hapa inafaa kuwa mwangalifu. Mtu anaweza kusema kwamba Angels walizishinda mechi zilizobana kwa sababu walikuwa na Rodríguez. Kuna ukweli ndani yake. Mmaliziaji dhaifu angezipoteza kadhaa, na ile 100 ingekuwa 95 au pungufu. Lakini mwaka uliofuata ulileta jaribio ambalo hakuna aliyelipanga. Rodríguez aliondoka, na Angels wakamsajili Brian Fuentes kutoka Colorado. Wastani wake mwaka 2009 ulikuwa 3.93, wa kawaida kabisa kwa mmaliziaji. Akapata sevu 48 na kuongoza Ligi ya American, moja ya ligi mbili zinazounda ligi kuu. Kiti kilikuwa kilekile chini ya kocha yuleyule, Mike Scioscia.

Jambo lilelile lilijirudia Seattle mwaka 2018. Edwin Díaz alipata sevu 57, akalingana na Thigpen, katika timu iliyoshinda mechi 89 huku ikiwa imeruhusu mikimbio 711 na kufunga 677. Díaz alirusha kwa ustadi wa hali ya juu, lakini ni timu yenye ushindi mwembamba namna ile ndiyo iliyoweza kumpa mtu nafasi za kufika 57.

Wala si lazima timu iwe nzuri. Kansas City walishinda mechi 75 tu mwaka 2008, na Soria alisevu 42 kati ya hizo, zaidi ya nusu. San Francisco walishinda 72, na Brian Wilson akasevu 41 akiwa na wastani wa 4.62, ambao kwa mrushaji wa raundi moja ni wa kutia hofu. Timu dhaifu inaposhinda, hushinda kwa shida, na shida hiyo ndiyo chakula cha mmaliziaji. Wilson alikuwa na sevu mbili zaidi ya Rivera. Anayesoma safu ya sevu peke yake angedhani Wilson ndiye bora.

Katika soka tunalijua tatizo hili. Mfungaji bora anaweza kuwa na mabao 20 ambayo nane ni ya penalti, na mwenzake ana 17 ya mchezo wa kawaida, na kiatu cha dhahabu kinakwenda kwa wa 20. Hatumwiti wa 20 mwizi. Penalti nazo zinahitaji moyo. Lakini hatusemi pia kwamba penalti ni sawa na bao lililotafutwa kati ya mabeki wanne. Sevu haina hata namna ya kutenganisha hayo mawili. Mrushaji anayeingia raundi ya tisa, besi zote tupu, timu yake ikiongoza kwa mikimbio mitatu, anahitaji kuwatoa watu watatu kabla hajaruhusu mitatu. Timu zilizo katika hali hiyo hushinda zaidi ya mechi 9 kati ya kila 10, awe nani anayerusha. Mwingine anaingia raundi ya nane, uongozi ni mkimbio mmoja, besi mbili zina watu. Wote wawili, wakimaliza salama, wanaandikiwa moja.

Tena huyo wa raundi ya nane kwa kawaida haandikiwi sevu, kwa sababu hakai mpaka mwisho. Anazima moto, anatoka, na mmaliziaji anaingia kwenye nyumba iliyokwisha kupoa. Philadelphia Phillies wa 2008 walikuwa na Ryan Madson na J. C. Romero wakifanya kazi hiyo usiku baada ya usiku. Ndio Elston na Henry wa zama hizi. Holtzman alitaka kuwaonyesha watu kazi iliyofichika, na alifaulu kwa mtu mmoja katika kila timu, yule wa mlango wa mwisho. Waliobaki wamesogezwa nyuma zaidi kuliko walivyokuwa, na hilo linaniuma kuliko kasoro nyingine yoyote ya hesabu hii.

Imewezaje kufika hapo? Msimu uleule wa 2008, mwishoni mwa Julai, Rich Gossage aliingizwa katika jumba la kumbukumbu la besiboli la Cooperstown. Mwaka 1975, akiwa Chicago White Sox, Gossage aliongoza Ligi ya American kwa sevu 26. Alirusha katika mechi 62, raundi zaidi ya 141. Maana yake ni kwamba kwa wastani kila alipoingia alirusha raundi mbili na zaidi. Aliingia moto ukiwaka, akauzima, kisha akabaki kulinda mpaka asubuhi. Rodríguez, kwa mechi 76, alirusha raundi 68, yaani chini ya raundi moja kila alipoitwa. Sevu 62 za mmoja na 26 za mwingine zimeandikwa kwa neno moja, ilhali ni kazi mbili tofauti.

Aliyeibadilisha kazi ni Tony La Russa, kocha wa Oakland. Mwaka 1988 alimtumia Dennis Eckersley, mrushaji wa kuanza aliyekuwa akielekea uzeeni, kwa raundi ya tisa pekee mara nyingi, na Eckersley akapata sevu 45. Mwaka 1992 alipata 51, akatwaa tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora, na ya mchezaji bora wa ligi kwa pamoja. Kila timu ikaiga. Ni mpango wenye busara kwa upande wake. Mkono wa mrushaji hauchakai haraka, na kila mtu anajua zamu yake. Lakini taratibu hesabu ikaanza kumwongoza kocha. Mmaliziaji akawa haitwi mpaka masharti ya sevu yatimie, hata kama mechi inafia raundi ya saba.

Mfano mchungu kuliko yote ulikuja miaka minane baada ya msimu ule wa 2008. Oktoba 2016 Baltimore Orioles walicheza na Toronto mechi moja ya mtoano, mshindi anasonga na mshindwa anakwenda nyumbani. Zack Britton wao alikuwa amepata sevu 47 kwa nafasi 47, wastani 0.54. Matokeo yalikuwa sare mpaka raundi ya 11, na ugenini hakuna sevu mpaka timu yako itangulie. Kocha akamweka Britton akisubiri uongozi. Uongozi haukuja. Ubaldo Jiménez akaruhusu mpira kupigwa nje ya uwanja na Edwin Encarnación, na msimu wa Orioles ukaisha na mrushaji wao bora akiwa hajarusha mpira hata mmoja.

Baada ya kuyasema yote hayo, kuna Brad Lidge, na mbele yake hoja yangu lazima isimame kidogo.

Lidge alikuwa mmaliziaji wa Houston Astros mwaka 2005. Oktoba ya mwaka ule, katika mchezo wa tano wa fainali ya Ligi ya National, Houston walikuwa mbele 4–2 dhidi ya St. Louis, watu wawili wameshatolewa raundi ya tisa, na jiji lilikuwa limekaribia World Series yake ya kwanza. Albert Pujols akaupiga mpira wa Lidge mbali sana, mikimbio mitatu kwa pigo moja, 5–4. Houston walifuzu siku mbili baadaye hata hivyo, lakini ndani ya World Series yenyewe Lidge akapigwa tena, na Scott Podsednik wa White Sox, pigo lililomaliza mechi ya pili. Mwaka uliofuata wastani wake ulikuwa 5.28. Watu walisema Pujols amemvunja. Mwisho wa 2007 Houston wakampeleka Philadelphia na kumleta José Valverde badala yake. Kwa kipimo cha sevu Houston hawakukosea: Valverde alipata 44 mwaka 2008 na kuongoza Ligi ya National, kama alivyoiongoza mwaka uliotangulia akiwa Arizona.

Lidge alipata 41. Nafasi zake zilikuwa 41. Hakupoteza hata moja kuanzia mwanzo wa msimu hadi mwisho wa Septemba. Wastani wake ulikuwa 1.95. Mechi pekee kubwa aliyoshindwa ilikuwa ya nyota wa ligi mbili, Julai, iliyochezwa raundi 15 katika uwanja uleule wa Yankees, na kwa utaratibu wa wakati ule kushindwa kwake kuliwapa wapinzani haki ya kuanzia World Series nyumbani kwao. Ikaja Oktoba. Nafasi saba zaidi, sevu saba zaidi. Jumla 48 kwa 48.

Ya mwisho ndiyo ninayoirudia kichwani. Mchezo wa tano wa World Series dhidi ya Tampa Bay Rays ulianza tarehe 27 Oktoba, ukasimamishwa kwa mvua raundi ya sita ukiwa 2–2, ukaendelea tarehe 29. Raundi ya tisa Philadelphia walikuwa mbele 4–3. Lidge akampoteza Dioner Navarro, aliyefika besi ya kwanza. Fernando Perez akaingia kukimbia badala yake na kuiba besi ya pili. Sasa pigo moja la kawaida lingesawazisha, na kila mtu uwanjani alikumbuka Pujols. Ben Zobrist akaupiga mpira kwa nguvu, ukadakwa. Eric Hinske akarushiwa slaida, tena slaida, tena slaida. Akatolewa kwa straiki. Lidge akapiga magoti kwenye kichuguu, na Phillies wakawa mabingwa kwa mara ya kwanza tangu 1980.

Sevu ile ilipima kitu. Nafasi zake zilitengenezwa na wenzake, kama za Rodríguez. Lakini kutopoteza hata moja kwa miezi saba, ukiwa mtu ambaye nchi nzima iliona akivunjika, hakuwezi kuelezwa kwa wingi wa nafasi. Ndiyo sababu nadhani mgawanyo, yaani ngapi kati ya ngapi, husema kweli zaidi kuliko idadi tupu. Kwa mgawanyo huo Lidge na Rivera ndio waliokuwa kileleni mwaka ule, na mwenye rekodi yuko nyuma yao.

Lakini hata mgawanyo huo haudumu. Mwaka 2009 Lidge aliyeyuka: wastani 7.21, nafasi 11 zilizopotea, mkono uleule na slaida ileile. Raundi 60 au 70 kwa mwaka ni chache mno kumjua mrushaji. Mipira mitatu minne ikitua pabaya, takwimu zote zinageuka. Ndiyo maana wapiga kura wa tuzo ya Cy Young ya Ligi ya American walikuwa sahihi mwaka 2008 walipompa Cliff Lee wa Cleveland, aliyeshinda mechi 22 na kushindwa 3, akifuatiwa na Roy Halladay wa Toronto, aliyerusha raundi 246. Rodríguez aliwekwa wa tatu. Kulikuwa na kelele kwamba rekodi ya kihistoria imedharauliwa. Halladay alirusha zaidi ya mara tatu na nusu ya raundi za Rodríguez, na mimi ningempa nafasi hiyo ya tatu mrushaji mwingine.

Fedha hazikusikiliza hoja hizo. Mapema 2008 Rodríguez na Angels walipelekana kwa wasuluhishi kuhusu mshahara, na akashindwa. Alipewa dola milioni 10 badala ya milioni 12.5 alizodai. Akaingia uwanjani akijua kwamba mwisho wa mwaka atakuwa huru, na kwamba kila sevu ni hoja mkononi. Desemba akasaini na New York Mets miaka mitatu kwa dola milioni 37. Lidge, katikati ya msimu wake usio na doa, alisaini na Philadelphia miaka mitatu kwa milioni 37.5.

Mets walikuwa na haraka yao. Mmaliziaji wao, Billy Wagner, aliumia mkono mwanzoni mwa Agosti 2008 na hakurudi msimu ule. Johan Santana, mrushaji wao bora, aliondoka uwanjani mara kadhaa akiwa mbele, akakaa benchi na kutazama wengine wakiutapanya ushindi wake. Tarehe 28 Septemba, siku ya mwisho ya msimu na ya mwisho kabisa ya uwanja wao wa Shea, walihitaji kushinda. Sare ilidumu mpaka raundi ya nane, kisha warushaji wa akiba wakaruhusu mipira miwili nje ya uwanja, ya Wes Helms na Dan Uggla wa Florida. Wakafungwa 4–2 na kukosa mtoano kwa mechi moja. Atakayesema mmaliziaji hana thamani aangalie nyuso za Mets siku ile. Lakini aangalie pia raundi: ilikuwa ya nane. Hata Wagner mzima, kwa desturi ya wakati ule, angekuwa bado anajinyoosha pembeni akisubiri ya tisa.

Timu moja ilikwenda njia nyingine, kwa kulazimika zaidi kuliko kwa kupenda. Troy Percival, mmaliziaji wa Tampa Bay Rays, alipata sevu 28 lakini mwili ulimsaliti mara kwa mara. Kocha Joe Maddon akalazimika kugawa kazi kati ya Dan Wheeler, Grant Balfour na J. P. Howell, akimwita yule anayefaa kwa mpigaji aliye mbele yake badala ya kusubiri saa ya mtu fulani. Timu iliyokuwa ya mwisho mwaka uliotangulia ilifika fainali ya Ligi ya American na kukutana na Boston, waliokuwa mabingwa.

Boston walikuwa wamewatoa Angels. Katika mchezo wa pili wa mtoano huo, tarehe 3 Oktoba, matokeo yakiwa sare raundi ya tisa, Rodríguez wa sevu 62 alisimama mbele ya J. D. Drew. Hapakuwa na sevu ya kupatikana. Drew akaupiga mpira nje ya uwanja, mikimbio miwili, Boston 7–5.

Siku 16 baadaye, mchezo wa saba dhidi ya Rays, Drew alishika gongo tena. Raundi ya nane, Tampa Bay mbele 3–1, wawili wametolewa, besi zote zimejaa. Maddon alikuwa ameshatumia warushaji kadhaa raundi hiyohiyo. Akamwita David Price, kijana wa miaka 23 aliyecheza mechi tano tu za ligi kuu kabla ya mtoano na ambaye hakuwahi kusevu hata moja. Price akamtoa Drew kwa straiki. Raundi ya tisa akampa Jason Bay besi ya bure, kisha akawatoa watatu waliofuata, na Rays wakaenda World Series kwa mara ya kwanza. Kwenye kitabu cha mechi, mbele ya jina lake, ikaandikwa sevu 1.